Chomoa Waya, Radi Hiyo

Shikamoo, Mama.

Kompyuta ilikufa juzi, na mchana kutwa nilidhani nimekuzika mara ya pili. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungukazunguka.

Ile sauti yako niliyoirekodi ukinielekeza kutengeneza togwa ilikuwa humo tu. Simu niliyokurekodia iliibwa sokoni baada ya mazishi. Unanijua mimi na mikoba yangu isiyofungwa zipu. Picha zako kila mtu anazo. Sauti ilikuwa humo pekee.

Na kosa ni lako, Mama. Haya, nusu yako, nusu yangu. Mvua ilianza kunguruma nikiwa jikoni. Ulivyotulea, radi ikilia mtu haulizi: funika kioo, chomoa waya. Nikakimbia, nikatupia kanga kwenye kioo cha kabati, nyingine kwenye skrini, maana kwako hicho nacho kilikuwa kioo. Nikachomoa waya ukutani. Kumbe kompyuta ilikuwa katikati ya kujisasisha, na iliandika wazi kabisa nisiizime. Radi yenyewe ikaenda kupiga huko Mshangano. Nilipoiwasha, vidoti vikazunguka, giza. Vidoti tena, giza.

Nikalifunga kasha lake kwa kanga yako, nikalipakata kwenye bodaboda kutoka Msamala hadi Bombambili kwa fundi Odilo, yule uliyesema anacheka kama amekabwa na kande. Dereva alidhani nimebeba mtoto. "Dada, mfunike vizuri, kuna kibaridi." Nikamfunika.

Odilo aliitazama kidogo tu. "Dada, hii tunapiga window, inapona." Ndivyo wanavyosema, kupiga window, yaani kufuta ya zamani na kuweka mpya. Alishachomeka flashi yake, skrini inauliza ifute wapi, kidole kiko juu ya kibodi. Ndipo akakumbuka kuuliza, "Una vitu vyako humu?"

Nikamjibu, "Yumo mama."

Akaondoa kidole. Hakucheka. Akaizima, akafungua kasha, akatoa diski na kuiunganisha na laptop yake. Akatafuta kwa neno "mama". Hakuna. Akaandika jina lako, Agnella. Hakuna. Akaniuliza polepole kama nina hakika niliiweka humo. Nikakaa juu ya boksi la printa. Nilikukasirikia, Mama. Kwa kufa, kwa radi, kwa kunirithisha woga usiosikia dawa. Nikajikuta nasema kwa sauti, mbele ya wateja wake, "Bibi, uko wapi jamani?"

Bibi! Tangu Neema wangu azaliwe, nani nyumbani aliyekuita Mama tena? Hata mimi niliyetoka tumboni mwako nilikuita Bibi, na siku ile ya kuihifadhi niliandika tulivyokuita. Odilo akaandika "bibi". Faili likatokea, moja, dogo.

Akalinakili kwenye flashi, akanitumia na kwenye simu, ndipo akarudisha diski na kupiga window. Nilikaa palepale nikitazama asilimia zinavyopanda, na ilipokwama kwenye tisini nilisali kimoyomoyo ingawa wewe ulikuwa umeshaokoka, uko kwenye flashi. Ikawaka. Safi, tupu, haina hata kazi moja ya wateja ninaowachapia, na sikujali.

Nyumbani nikakusikiliza. Nakuamkia, unaitikia marahaba. Unasema uji upoe kwanza, haraka ya nini, halafu chukua kimea, kiasi cha... Hapo panasikika ngurumo, nawe unakatiza: "We Skola! Chomoa waya!" Rekodi inaishia hapo, kwa sababu nilikwenda kuchomoa.

Nilikuwa nimesahau. Nikacheka mpaka nikalia, halafu nikalia tu.

Kwa hiyo kiasi cha kimea umeondoka nacho. Togwa yangu ya kubahatisha nilimpelekea dada, akakunja uso akasema tumwachie Bibi kazi yake. Naye nimempa nakala ya sauti yako, na Odilo anatunza nyingine. Sasa uko nyumba tatu, hakuna radi itakayokumaliza.

Pumzika, Bibi. Ikinguruma nitafunika kioo, na waya nitachomoa, nakuahidi. Ila kompyuta nitaizima kwanza.

Mwanao,
Skola