Maji ya Bamvua

Kisiwani, 9 Juni 2024

Mpendwa Tata,

Baba yangu, pokea salamu nyingi kutoka kwa binti yako. Mimi ni mzima, ila jua la huku limenibadilisha rangi hata mama hatanijua. Nyinyi hapo Tabaka mnaendeleaje? Kifua chako je, na lile vumbi la mawe? Naandika kwa karatasi kwa sababu mama alisema simu haiwekwi chini ya mto wa kulalia kama barua.

Kazi ya hoteli ni nzuri. Asubuhi nawatembeza wageni kwenye mikoko, juu ya daraja la mbao, kaa wekundu wakikimbilia mashimo chini yetu. Kisha tunapita kijijini kuona wanawake wakisuka mikeka ya ukindu. Nimepanga chumba kwa Mwanakombo, mama mmoja anayetafuta pweza kwenye mwamba maji yakitoka. Nilimweleza kwamba sisi Wasabato hatuli kisicho na magamba. Alicheka, akasema basi pweza wote ni wake.

Maji yakitoka, fungu la mchanga mweupe huinuka katikati ya bahari, likatufikisha kwenye kijisiwa chenye pango la matumbawe. Wageni huvuka kwa miguu. Ni mahali pazuri, Tata, mpaka mtu anasahau kusema. Lakini siku za bamvua, maji yanapotoka na kujaa kupita kawaida, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, wenyeji hawavuki. Nilimuuliza Mwanakombo kwa nini.

"Bahari haikujii usoni," aliniambia. "Inazunguka nyuma, inakaa kati yako na nyumba."

Nisalimieni wote.

Binti yako,
Orpah


Tabaka, 30 Juni 2024

Kwa mwanangu Orpah,

Bwana asifiwe. Sisi tupo kwa neema yake. Mvua haijaacha, njia ya machimboni ni utelezi mtupu, na wanunuzi wa vinyago vya mawe sasa wanataka viboko tu. Nimechonga viboko mpaka naviota.

Barua yako nilimsomea mama baada ya ibada ya Sabato. Alifurahi mpaka tulipofika kwenye maneno ya yule mwenyeji wako kuhusu bahari. Akaniambia nirudie, nikarudia. Akainuka akaenda jikoni.

Asubuhi alisema Omwenga aje huko kukuchukua. Ndugu yako tangu amalize chuo anashinda Ogembo na vijana wa boda boda. Wiki ijayo atapanda basi. Akuone, apumzike kidogo, halafu mrudi pamoja. Kazi ya hoteli iko hata Kisii mjini.

Usimpinge mama katika hili. Mimi pia sikulala vizuri.

Tata


Kisiwani, 24 Julai 2024

Mpendwa Tata,

Hamjambo wote nyumbani? Sisi wawili tu wazima, na safari hii nalisema hilo kwa kushukuru.

Omwenga alifika na ndizi za mama, zote zimeiva njiani. Siku hiyo hiyo aliingia baharini na nguo zake. Sasa anakula pweza na Mwanakombo. Hapo uruke unapomsomea mama. Haongei habari za kurudi.

Jumapili mwezi ulikuwa mpevu. Meneja alinituma kwenye fungu na familia moja, kwa kuwa siku hizo mchanga huwa mpana na picha zinatoka vizuri. Nikamwambia wenyeji hawavuki. Akajibu kwamba wenyeji hawalali hotelini kwake.

Pangoni tulikaa kidogo tu. Nilipotoka, mchanga mbele yangu ulikuwa bado mkavu, lakini upande wa nyumbani mkondo umeshajaa. Maji yalikuwa yanapita kama mto Gucha ukifurika, ila bila kelele. Tulishikana mikono tukaingia. Yalinifika kifuani, Tata. Mama wa ile familia aliteleza, tukamvuta kwa nywele. Ule ukimya wa maji bado ninausikia.

Kesho yake nilikataa kuvusha watu siku za bamvua. Meneja amenihamishia kwenye udobi, na kazi ya fungu amempa Omwenga. Nimemsihi mpaka nimelia.

"Dada," alinijibu, "nyumbani mimi ni mzigo. Hapa watu wananifuata."

Andika wewe, Tata. Mimi hanisikii.

Orpah


Tabaka, 18 Agosti 2024

Orpah mwanangu,

Salamu. Nimeshindwa kumpata Omwenga kwa simu, wananiambia hapatikani. Kwa hiyo barua hii nimempa dereva wa basi mkononi, na ndani yake kuna ujumbe wa ndugu yako. Msomee mbele ya Mwanakombo, ili asije akasema hakusikia.

Omwenga, hakuna aliyewahi kukuita mzigo katika boma langu. Kama nilikunyamazia, ni kwamba sikujua la kukwambia, si kwamba nilikuchoka. Acha hiyo kazi. Rudi, hata mikono mitupu.

Mama yako hali chakula. Anakaa mlangoni anaangalia njia ya kutoka Ogembo, na ukimuuliza anasema anaota jua.

Fanya haraka.

Tata


Tabaka, 30 Agosti 2024

Mwanangu Orpah,

Sikuulizi u hali gani. Simu yako inaita, huishiki, na barua haijaja. Najua hujui pa kuanzia. Basi usianze. Mwanakombo amenipigia, amenieleza yote, na nimemwomba akusomee huu ujumbe kwenye simu yake.

Ameniambia barua yangu ilikuta Omwenga ameshavuka na wageni, siku ya bamvua. Ameniambia aliwatoa wageni wote, kisha akarudi kumchukua mzee mmoja aliyebaki pangoni. Mzee walimkuta amekumbatia mwamba, yu hai. Omwenga hajaonekana.

Unawaambia watu kwamba nafasi ile ilikuwa yako. Nisikilize. Wewe ulikataa kilichostahili kukataliwa. Lile basi alilopanda ndugu yako tulimpandisha sisi, mimi na mama yako, na hilo tutalibeba wenyewe. Usitunyang'anye.

Boma limejaa watu. Mama amelala ameelekea ukuta. Kesho jua likizama na Sabato ikiisha, mimi na baba yako mdogo Machogu tunaondoka kuja huko.

Mwanakombo anasema kila maji yakitoka unaenda kumtafuta, na kila mara unaenda mbali zaidi. Jana alikuita, hukugeuka. Orpah, mwezi unakaribia kuandama. Kaa ndani. Nitamtafuta mimi.

Niache nikukute.

Tata