Sajini Ndimu Analia

Tukuyu, Jumanne

Nilikosea kukasirika, lakini nilikasirika. Nilipanda bodaboda hadi Kisondela kumwonyesha Mama Sekela kurasa mpya za kitabu cha katuni alichokianzisha marehemu mumewe, ambacho sasa nakichora mimi. Humo Sajini Ndimu anamzika mama yake, na analia.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Ndimu halii. Watoto wanamjua hivyo miaka yote."

Nikamwambia Ndimu asipobadilika atakufa. Neno hilo kumwambia mjane! Nilitamani kulirudisha mdomoni.

Alizifungua tena kurasa, akakaa sana kwenye ile ya kaburi. Nikawaza kwamba akikataa sina la kufanya. Ndimu ni wake, ndicho kitu alichoachiwa na mumewe.

Mwishowe akaweka kidole kwenye uso wa Ndimu.

"Basi alie, ila usimweke mbele za watu. Baba Sekela alipofiwa na mama yake, alikwenda kulia nyuma ya banda la ng'ombe. Alidhani sikumwona."

Nimeuchora upya ukurasa huo. Ndimu yuko nyuma ya banda, na dirishani kuna mwanamke anamtazama. Kuhusu huyo mwanamke, bado sijamwambia Mama Sekela.