Rampu ya Pikipiki, Koboko

Jumatatu, 10 Machi 2025
Simu kutoka Koboko: rampu ya ofisi ya usajili, ule mteremko wa kupandia magurudumu, imekwisha kujengwa. Barua zangu tisa za kuiomba, miezi kumi na minne! Nimefurahi mpaka nikaunguza bomba nililokuwa nachomelea. Ijumaa ni siku ya mwisho kuandikisha vikundi vya watu wenye ulemavu kwa ruzuku. Kila mtu asaini mwenyewe, mle ndani. Sisi 31 – akikosa mmoja, kikundi kizima nje. Na Rosina, mwenzetu asiyetembea, ameapa habebwi tena. Mwaka jana askari alimpandisha zile ngazi mgongoni kama gunia, sketi juu, watu wanatazama. Nimemwahidi: safari hii unaingia mwenyewe.

Jumatano, 12 Machi
Nimetoka Arua alfajiri kwa gari la Koboko, na baiskeli yangu ya mikono, ile ya magurudumu matatu ya sisi tusiotembea, na tepu ya kupimia. Kizingiti: sm 60 kutoka chini. Kila sm 1 ya kimo inataka 12 za urefu. Basi m 7.2. Yao – m 2.1.

Soro, fundi aliyeijenga, anajivunia: Madamu, hii iko nguvu, hata pikipiki inapanda.

Ndipo nikaelewa. Kila jioni wanasukuma pikipiki za ofisi ndani zisiibiwe. Amejenga ile ya pikipiki anayojenga siku zote.

– Na mutu?
– Mutu anasukumwa, madamu.

Nimecheka, na hasira yangu pale pale. Lawrence, afisa wa usajili, amejibu malalamiko yangu kutoka dirishani: imepita ukaguzi. Mkaguzi alikuja na miguu yake miwili.

Alhamisi, 13 Machi
Nimefunga breki mpya kwenye baiskeli. Basi.

Ijumaa, 14 Machi
Koboko, saa nne. Tumetimia 31. Rosina ana sketi mpya.

Nimeomba meza itolewe nje. Lawrence: daftari halitoki ofisini. Nikamwambia: Sawa, afisa – panda rampu yako kwa baiskeli yangu. Ukifika mlangoni, wa kwanza kubebwa ni mimi.

Rosina akamchochea: Mzee, unaogopa nini, si imepita ukaguzi?

Akavua koti. Nikashuka kwenye baiskeli, akakaa yeye. Akazungusha kwa mikono, kwa nguvu kweli.

Naandika nikiwa kwenye ngazi ya chini. Amefika m 1.2, nikikadiria kwa macho. Hapandi, hashuki. Breki yangu ndiyo inamshika, na akiiachia anarudi kinyumenyume mpaka kwa Soro, aliyesimama chini. Amemwita askari.

Rosina anauliza: Aje akubebe?

Watu wanacheka mpaka barabarani. Lawrence ananiita, sasa kwa upole: Madamu, tufanyeje?

Nimemwambia meza na daftari vije nje, na yeye ashike breki vizuri, namalizia mstari huu.