Cherehani Iliyotobolewa

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na wanao wote wawili. Mgongo unaendeleaje? Na yule mdogo ameacha kukohoa? Mimi mwili hauna neno, nakula, nafanya kazi. Roho ndiyo haijatulia, na ukifika mwisho wa barua utajua kwa nini. Naomba uisome ukiwa umekaa.

Ujumbe wako nimeupata. Pole sana kwa kiwanda kufungwa. Unasema unataka cherehani ya mama ili uanze kushona sare kabla shule hazijafunguliwa, na Jumamosi shemeji anakuja kuichukua na gari la kuazima. Hii ni mara ya nne unaiulizia mwaka huu. Mwanzoni uliitaka ya kutia viraka nguo za watoto; sasa unaitaka ya kula. Mara ya kwanza nilikwambia mkanda umekatika. Mara ya pili iko kwa fundi. Mara ya tatu fundi amefiwa. Dada, huyo fundi hajafiwa na mtu. Hata hayupo.

Unaijua kazi yangu. Tajiri wangu ananunua nyumba zilizochoka, mafundi wanabomoa, wanapiga jipsamu na kubandika vigae, kisha mimi napamba ndani mpaka mgeni wa siku mbili ajione yuko kwao. Uliwahi kunitania kwamba nalipwa kwa kupanga mito. Haya, cheka. Lakini tajiri ana wazimu wake: hataki kitu kipya kionekane kipya. Meza imetoka kiwandani juzi, anataka niichakaze. Basi natwaa msasa, nakwangua kona, napaka maji ya majani ya chai, na kufika mchana meza ina miaka hamsini. Huo ndio ujuzi wangu, kuvipa vitu uzee wa uongo.

Mwaka jana tulikuwa tunamalizia nyumba moja na seremala aliyeahidi meza ya sinki la bafuni akaingia mitini. Wapiga picha walikuwa waje kesho yake. Tajiri akasema kama bafu halina kitu cha kuwashangaza watu, nisihangaike kurudi kazini. Alikuwa ameona mahali fulani sinki limekalishwa juu ya cherehani ya zamani, akaniuliza kama namjua mtu mwenye nayo. Nikasema ninayo.

Tulifungua kichwa cha cherehani ya mama kwa bisibisi. Ubao ukatobolewa kwa drili, ubao uleule tuliowekea madaftari tukifanya hesabu huku mama anashona. Bomba likapitishwa pale mkanda ulipokuwa ukipita. Kichwa nilikiweka kwenye boksi mlangoni nikijiambia jioni nitaondoka nacho, na jioni nikakuta wakusanya chuma chakavu wameshapita. Nilitafuta siku tatu. Wageni wanalipenda sana lile bafu, wanajipiga picha humo. Tajiri aliniagiza niandike maneno ya kuweka kwenye fremu ukutani, nikaandika kwamba ilikuwa ya bibi mmoja aliyewashonea maharusi wa mji mzima. Mama yetu huyo, aliyetia viraka suruali za watu mpaka vidole vikapinda!

Na wewe usijifanye hukuwepo. Siku ya kugawana vitu vya mama ulichukua kabati na nguo zake nzuri, ukasema hilo lichuma nibaki nalo mimi, litakujazia nyumba bure. Sijalisahau neno hilo. Nimelitafuna mwaka mzima nikitumaini litanitakasa, halijanisaidia kitu.

Nyumba ile ilipoanza kujaa wageni, tajiri alitaka cherehani nyingine sita za mabafu mengine. Nikawa nabisha hodi milangoni kwa wanawake watu wazima. Ya sita ilikuwa ya mjane mmoja ambaye macho yamemwishia, hawezi tena kutunga uzi. Alisema hauzi kama ni ya kuweka pambo, anataka iendelee kusikika ikifanya kazi. Nikamwambia ni ya dada yangu, mshona sare, ana watoto wawili. Yule mama alifurahi! Akaipaka mafuta mbele yangu, akanifungia bobini mbili za uzi kwenye kitambaa, akasema ikigoma niibembeleze, nisiipige. Wiki iliyofuata ukaniandikia habari za kiwanda. Wanasema mdomo huumba.

Kwa tajiri sikuipeleka. Iko chumbani kwangu, nyeusi kama ya mama, ina maua yaleyale ya dhahabu. Na hapa, Dada, ndipo penye aibu yangu hasa. Jumanne nilitwaa msasa laini nikakaa nayo. Unakumbuka maua ya upande wa kulia, yalivyokuwa yamelika pale kiganja cha mama kilipotua? Nikayafuta vilevile. Yule mjane aliyatunza miaka thelathini yasichubuke, mimi nusu saa ikanitosha. Nikaunguza na ubao pembeni, pale mama alipokuwa akiegesha pasi. Nilitaka Jumamosi uipokee, uikumbatie, ulie, uniite mdogo wangu mwema. Na ungeamini. Nilipomaliza niliigusa mimi mwenyewe nikasikia machozi yakinilenga, kama vile ni ya mama kweli. Ndipo nikaogopa, nikatafuta karatasi.

Shemeji aje tu, ataikuta mlangoni na bobini zake kwenye kitambaa. Inashona vizuri, haijawahi kulala bila mafuta. Shona sare, lisha wanao, na ukipata nafasi mpelekee yule mama salamu. Nyuma ya karatasi hii nimekuandikia nyumba yake ilipo. Kwake angalau uongo wangu mmoja umekuwa kweli. Mimi usinijibu mpaka moyo wako ukubali, na usipokubali nitaelewa.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, mgongo ukande kwa maji ya moto. Jambo moja tu nakuomba: ukikaa kushona, pale kulia palipofutika usipaguse ukasema ni mkono wa mama. Ni mkono wangu.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku