Pasha Alipozomewa

Shamba la Haugen,
Kiowa, Colorado.
29 Novemba 2019.

Mpendwa Shangazi Verlene,

Shikamoo. Natumaini kifua kimeacha kukusumbua huko Alaska na kwamba unalala vizuri. Sisi tu wazima. Theluji imeanguka mapema, lakini majani makavu ya mifugo tunayo ya kutosha.

Ninakuandikia hasa kukushukuru. Farasi wetu Sultani, uliyempanda uwanjani miaka ile yote, magoti yamemshinda na amestaafu. Timu yetu ya mpira wa Kimarekani ilikubali kumjaribu farasi wetu mwingine, Pasha, kwa mechi moja tu. Kama angetaharuki, wangetafuta farasi wa watu wengine, na Mama angepoteza kazi aliyoirithi kwako ya kukimbia na farasi uwanjani kila tunapofunga.

Nilifuata ushauri wako. Kila asubuhi kabla ya shule nilimpigia Pasha zile kelele za mashabiki ulizoturekodia, huku akila shayiri, nikiongeza sauti kidogo kidogo. Jirani yetu, Bwana Ochsner, alikuja akicheka: "We binti, mmefungua uwanja humo bandani? Ng'ombe wangu sasa wanashangilia!"

Kumbe nilikosea, Shangazi. Nilimzoesha vifijo tu.

Jumapili tulifunga, na Pasha akaukimbia uwanja mzima, mweupe pe, mkia juu. Yeye na Mama mgongoni walipofika mwisho, refa akafuta bao. Watu elfu sabini wakazomea. Pasha hakuwahi kuisikia sauti ile. Alisimama akitetemeka, na mlango wa kutokea ulikuwa upande wa pili kabisa. Nilishika chuma cha uzio hadi vidole vikauma.

Mama hakuvuta hatamu. Alipumua polepole, kama ulivyomfundisha, akangoja. Pasha akashusha kichwa, akapiga hatua moja, kisha nyingine, akarudi akitembea kama anayekwenda kunywa maji. Mzee mmoja nyuma yangu akapaza sauti: "Refa! Mfute na farasi basi, kama unaweza!" Waliokuwa wakizomea wakaangua kicheko.

Tulishindwa mechi, lakini meneja, Bwana Pruitt, alitufuata hadi kwenye trela. "Wachezaji wangu wakizomewa wananuna wiki nzima," alimwambia Mama. "Huyu mleteni hadi mwisho wa msimu." Mama alimshukuru vizuri, kisha akageuka akalia shingoni mwa Pasha.

Jana, katika chakula cha Sikukuu ya Shukrani, kila mtu alitaja jambo analoshukuru. Mimi nilikutaja wewe. Tulipomaliza kula, Mama alinipeleka bandani, akafupisha vikanyagio vya tandiko la Pasha mpaka vikafika miguu yangu. Nami nikapanda.

Baba na kaka Torvald wanakusalimu sana. Bibi Agnete anasema uvae soksi mbili. Mungu akutunze kwenye baridi hiyo, na akurudishe uje utuone tukikimbia.

Mpwa wako akupendaye kwa moyo wote,
Solveig