Dada, Baiskeli Siachi

Nyumba ya tatu nyuma ya stoo ya mbao,
Mtaa wa Mafundi,
Jumapili, tarehe 16 Machi.

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti lako la kushoto linakubali kupanda ngazi za kazini bila kelele. Shemeji hajambo? Na wajukuu je, bado wanagoma kulala mchana? Sisi huku wazima kabisa. Shemeji yako anaota kitambi na anadai kwamba mashati ndiyo yamepungua, lakini mashati yale nimeyashona mimi na najua hayajapungua hata inchi moja.

Utashangaa kupata barua siku hizi ambazo kila mtu ana simu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza, umenikatiza tangu nikiwa na miaka minne, na safari hii nataka niseme mpaka mwisho.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Kaka aliuleta mwenyewe, akaongeza sauti ya simu mpaka juu, akaucheza sebuleni kwangu mbele ya mume wangu na mbele ya mteja aliyekuja kupimwa suti. "Mwambieni huyo mtoto aache baiskeli mara moja. Ana presha, ana miaka hamsini na mbili, anataka kutuaibisha?" Mtoto! Mteja wa watu akaanza kukagua dari. Nilimaliza kumpima mikono nikiwa nimeuma pini mdomoni, na ni heri nilikuwa nimeziuma.

Basi jibu langu ni hili: siachi.

Baada ya mteja kuondoka, kaka alifungua kikao. Alikaa kwenye kochi langu, akanywa chai yangu vikombe vitatu, akaeleza kwa muda mrefu kwamba ukoo wetu una heshima zake. Mwisho akamgeukia shemeji yako: "Na wewe unamwangalia tu?" Shemeji yako akasema, "Mimi nilioa, sikuajiri." Kisha akaenda kumwagilia bustani. Unajua maneno yake ni machache, kwa hiyo hilo nimelihifadhi.

Sijui kaka amekusimulia nini, ngoja nikueleze mwenyewe. Nesi mkuu wa hospitali yetu ya hapa anaandaa msafara wa baiskeli wa hisani. Tunatoka hapa mjini mpaka ile hospitali kubwa, kilomita mia moja na sitini, kwa siku mbili, tunalala katikati ya njia kwenye madarasa ya shule. Kila mwendeshaji ana watu wake wanaomchangia kwa kila kilomita atakayomaliza. Kitakachopatikana ni cha kununua mashine za kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo, zikae hapa hapa kwetu. Nilipoona tangazo lake kwenye ukuta wa duka la dawa, niliingia kuandikisha jina kabla hata sijanunua dawa niliyoifuata.

Tatizo ni kwamba sikujua kuendesha baiskeli. Usicheke, wewe pia hujui. Baba alimfundisha kaka, sisi wasichana tukawekwa kwenye keria kama magunia, tena tukaambiwa tukae upande. Kaka alipopasuka goti hakuna aliyeitisha kikao.

Nikanunua baiskeli kuukuu ya tarishi aliyestaafu. Anayenifundisha ni fundi baiskeli wa kwenye kona, mzee mwembamba tunayemwita Spoku. Siku ya kwanza nilimwambia asihangaike sana na miguu yangu, nimekanyaga cherehani miaka thelathini. Akanishikia tandiko, akaniambia nipande. Dada, cherehani na baiskeli havina undugu! Kwenye cherehani umekaa kwenye kiti chako, vidole vinafanya kazi na paja limepumzika. Kwenye baiskeli paja ndilo linalolia. Wiki ile ya kwanza nilikuwa nashuka kitandani kwa awamu.

Nilianguka mara kumi na moja. Moja ilikuwa mbele ya kinyozi, na wote waliokuwa kwenye foleni wakatoka kunisaidia, mmoja akiwa amenyolewa nusu. Spoku ana msemo mmoja tu: "Mama, angalia mbele. Hilo tairi halitoroki." Siku nilipoinua macho kweli, nilijikuta nimeshavuka daraja. Nilipiga kelele za furaha mpaka muuza vyombo akafikiri nimeibiwa.

Presha najua ndiyo inayokusumbua. Nesi hunipima kila Ijumaa, dawa nameza kila siku, na amenipa ruhusa kwa maandishi. Kaka nilimwonyesha karatasi. Akasema manesi wa siku hizi wanaandika chochote.

Sasa nikuambie jambo lenyewe lililowafanya wanicheke, maana najua limekufika likiwa limeongezwa chumvi. Kwa wanagenzi kuna jaribio: kilomita themanini ndani ya saa sita, ukishindwa jina linafutwa. Nikajishonea bukta ya kazi hiyo. Nikaweka sponji ya kochi kwenye makalio, tabaka mbili, na katikati nikapiga mshono wa kurudia mara tatu, kama ninavyofanya kwenye suruali za wanafunzi zisipasuke. Mshono imara kuliko yote niliyowahi kupiga, nikauweka pale pale mtu anapokalia! Kufika kilomita ya thelathini nilikuwa naendesha nimesimama. Kufika ya hamsini na tatu, nikashindwa kukaa na nikashindwa kusimama. Wakanipakia kwenye pikapu inayofuata nyuma, mimi na baiskeli yangu, na kaka alikuwa amesimama sokoni nilipopitishwa. Akapiga picha. Hiyo ndiyo picha aliyokutumia.

Nililia, sikufichi. Nililia njia nzima, na mlio wa pikapu ukanisitiri. Lakini nilipofika nyumbani nilichukua mkasi nikaifumua ile bukta yote, nikakata upya, vipande vinne, mishono nikaihamishia pembeni na kuilaza bapa. Nesi alikubali nijaribu mara ya pili na ya mwisho. Jumamosi ya wiki iliyopita nilizimaliza zile themanini kwa saa tano na dakika hamsini na moja. Nilikuwa wa mwisho. Mlima ule wa machimbo ya kokoto nilishuka nikasukuma, na hakuna kanuni inayokataza kusukuma. Nesi alikuwa amebaki peke yake mezani, wenzake wameshakunja viti. Aliandika jina langu kwa wino, akanipa namba. Na sasa waendeshaji tisa wanavaa bukta za kwangu, wakiwemo wanaume watatu walioniona kwenye pikapu.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu, hata shemeji yako.

Kwenye ujumbe wako uliuliza, anatafuta nini barabarani? Dada, barabara hiyo ndiyo aliyokuwa akipita kitinda mimba wetu. Mara mbili kwa wiki, mwaka mzima na miezi minne. Saa tatu kwenda, saa nne amelala na sindano mkononi akisafishwa damu, saa tatu kurudi. Akirudi alikuwa hawezi kula. Anakaa pale kwenye kizingiti cha mlango wangu wa kazini, viatu mkononi kwa sababu miguu imevimba, na ananiuliza nashona nini. Wewe ulikuwa unatuma ulichoweza, sikulaumu. Lakini hukuiona ile sura.

Kisha ikaja Januari, msimu wa sare za shule, chumba kimejaa vitambaa mpaka dirishani. Akaniambia daktari amempunguzia, sasa ataenda mara moja tu kwa wiki. Nikasema, afadhali. Dada, nilisema afadhali! Sikuuliza karatasi, sikumpigia daktari. Nilifurahi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namsindikiza, na nilikuwa na sare mia mbili za kukata. Baada ya wiki tatu akaniambia wiki hii hapana kabisa, anajisikia vizuri. Nikaamini hilo pia.

Daktari hakumpunguzia chochote. Nilijua siku ya mazishi, nesi huyu huyu aliponishika mkono akaniuliza kwa nini tuliacha kumpeleka. Mdogo wetu alikuwa ametudanganya, kwa sababu alichoka na ile barabara na aliona mimi nimechoka naye. Nimekaa na neno hilo miaka miwili. Kila mtu alinipa pole kwamba nilimuuguza vizuri, nami nikazipokea zile pole.

Ndiyo maana siwezi kuacha. Sitafuti sifa kama kaka anavyodhani, na wala sijipi adhabu. Kuna mwanamke mtaa wa pili, fundi cherehani kama mimi, ambaye anapita barabara hiyo hiyo sasa hivi, Jumanne na Ijumaa, na juzi alikaa dukani kwangu amevua viatu. Nimemwambia avumilie, mashine zinakuja. Nimemwambia kwa mdomo wangu. Unataka sasa niende nikamwambie kwamba familia imekaa kikao?

Heshima ya ukoo mtaniwia radhi. Kama heshima yenyewe inavunjika kwa mama mtu mzima kuvaa bukta, basi ilikuwa imeshonwa vibaya tangu mwanzo.

Tunaondoka Jumamosi tarehe 29, saa kumi na mbili asubuhi. Nimepiga hesabu za posta, barua hii itakufika nikiwa nimeshatoka au nimeshafika. Nimefanya makusudi, na ukikasirika una haki. Usimpigie kaka. Usimpigie shemeji yako, atakuambia anamwagilia bustani.

Ila nina ombi moja. Tangu tumzike hujawahi kumtaja. Tunazungumza kila mwezi, unauliza mvua, unauliza bei ya sukari, unauliza presha yangu, na yeye tunamruka kama shimo njiani. Nami nimekuwa nakusaidia kumruka. Nikifika nitakupigia, miguu ikiwa inatetemeka au haitetemeki. Usiniulize habari za miguu. Niulize habari zake. Uliza jinsi alivyokuwa anacheka wiki ile ya mwisho, aliomba nini, alinikasirikia au hakunikasirikia. Nitakujibu yote, na tukilia tutalia wote wawili, kila mtu na simu yake.

Nisalimie shemeji sana. Wabusu wajukuu, na yule mkubwa mwambie atafute wa kumfundisha baiskeli mapema, asingoje kama sisi. Shemeji yako anakusalimu. Kaka naye anakusalimu, ingawa hajui kama nimemtaja. Spoku, usiyemjua, amesema nikuambie breki nzima na mnyororo ameupaka mafuta. Mungu akulinde ukienda kazini na ukirudi, na akupe usingizi mzuri usiku ule wa tarehe 29, kwa maana nakujua.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda sana na ambaye safari hii sikusikilizi,

Fundi wa Suti
(namba 114)