Farasi Ukutani kwa Shangazi

Jumatatu, 6 Oktoba 1986

Chai, mkate, farasi. Nimemtazama mpaka nikakaribia kuachwa na basi. Mwalimu wa sanaa humwazima kila mwanafunzi chapa moja ya mbao ya Kijapani, picha iliyochapwa kwa ubao wa kuchongwa, aishi nayo hadi siku ya kuieleza darasani. Yangu ni farasi mweusi, kazi ya kisasa: msanii kachonga ubao mwenyewe, kachapa mwenyewe. Nyuzi za mbao hakuzificha. Zinapita ubavuni kama misuli.

Nimemtundika sebuleni, ninapolala, kwenye ukuta usiopigwa na jua. Shangazi Zuhura alimwangalia akasema, "Haya, tumepata mgeni." Akaenda kazini. Nyumba ni yake, hapa Rockville, Marekani. Mimi kanihifadhi tu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Shingo. Haina mstari. Weusi unaisha, karatasi inaanza, na bado unauona uzito. Nimeandika kurasa nzima juu ya kutazama kwa subira.

Shangazi hakai tena sebuleni jioni. Kachoka labda.

Jumapili, 12 Oktoba

Ana singa, nywele za shingoni! Haina wino. Imekandamizwa tu kwenye karatasi. Huioni mpaka uishike picha mkononi na kuiinamisha kwenye mwanga. Nilicheka kwa sauti, peke yangu. Nikamrudisha ukutani.

Nilitaka kumwonyesha mtu. Shangazi alikuwa jikoni, kafunga mlango. Sikubisha hodi.

Jumanne, 14 Oktoba

Hakukuwa na darasa mchana, nikarudi mapema. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo. Shangazi kasujudu kati ya jiko na friji, kajikunja, kisigino kinagusa pipa la taka.

Sikuelewa. Kisha nikatazama ukuta wa sebuleni. Ni kibla. Mswala wake ulikuwa ukitandikwa pale pale, chini ya farasi. Kwetu Unguja hutundiki picha ya kiumbe mbele ya mtu anayeswali. Nalijua hili tangu chuo cha Kurani, utotoni. Limenitoka kwa sababu mimi mwenyewe sijaswali tangu Ramadhani.

Kimya chake nilikihesabu ridhaa. Nimemfukuza mwenye nyumba sebuleni kwake. Najichukia.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimemweleza farasi darasani. Wamepiga makofi. Mwalimu kasema nina jicho. Jicho gani? Nimeona singa isiyo na wino, sikumwona mtu mzima.

Niliporudi naye nyumbani sikumtundika tena, nikamngoja Shangazi. Nikamwomba radhi.

"We bibi, kwani nimekushitaki?"

Nikamwuliza: kwa nini hukuniambia?

"Ulikuwa ukimtazama unacheka. Tangu ufike Marekani sijakuona ukicheka. Ningekukatiza vipi?"

Kisha akaketi, akafuta mikono kwenye kanga. "Hebu mlete huyo mgeni nimwone." Nikamwekea mapajani, nikamwonyesha namna ya kuinamisha. Akakaza macho. "Loo! Kumbe ana nywele. Mzuri kuliko huyo mume utakayeniletea."

Nilicheka, halafu nikalia. Yeye akaenda kupasha wali. Angenigombeza ningepumua.

Ijumaa, 17 Oktoba

Farasi amerudi kwa mwalimu. Tundu la msumari limebaki.

Magharibi Shangazi ametandika mswala sebuleni. Si katikati, kama zamani. Amesogea upande wa dirisha, kaacha nafasi ya mtu mmoja. Hakuniita. Hakugeuka.

Nimekwenda kutia udhu.